Dawa ya Shangazi Bado

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alimpelekea bibi yake glasi ya maji na vidonge vya moyo. Nyumbani walimwita Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na mapumziko. Akishaviweka mezani, alikimbia kuwahi kengele.

Siku hiyo alirudi kuchukua sweta, akamkuta bibi akificha vidonge chini ya mto. Vya siku zilizopita navyo vilikuwa hapohapo.

"Bibi! Mbona humezi?"

"Vya nini, mjukuu wangu? Si ulisema shangazi yako ameshapata dawa ya kuufanya moyo uwe mpya? Nasubiri hiyo."

Bibi alikuwa ameketi tu, lakini alihema kama aliyepanda ngazi. Miguu yake ilikuwa imevimba.

Redio aliogopa sana. Ni kweli shangazi, mtafiti wa maabara, alimweleza kazi yake. Lakini Redio alipoisimulia kwa bibi, alitia chumvi nyingi. Alitamani kunyamaza, ila aliona wazi kwamba bibi angeendelea kungoja.

"Bibi, nilitia chumvi. Dawa yenyewe bado. Nisamehe," alisema, kisha akamkimbilia shangazi chumbani kwake.

Shangazi alimpigia daktari simu papo hapo. Daktari alitaka bibi ameze vya leo tu, asifidie vilivyopita, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.

"Mama," shangazi alisema akimvalisha viatu, "tuna protini inayochochea moyo ulioumia ujijenge. Ikiingia mwilini peke yake huharibika upesi. Kwa hiyo tunaifunga ndani ya vichembe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, iwe inatoka kidogokidogo. Maabarani inaleta matumaini makubwa. Kwa watu bado hatujaijaribu."

"Kwani mimi si mtu? Nijaribuni mimi!"

"Wewe kwanza meza vidonge, ili siku hiyo ikifika tukukute."

Bibi alicheka, akameza.

Juma lililofuata uvimbe ulikuwa umepungua. Shangazi alimwita Redio.

"Kazini kwetu, neno gumu kulisema ni 'bado'. Ukilificha, mgonjwa anaacha dawa aliyonayo akingoja ambayo haipo. Ulikosea, lakini ulisema ukweli mapema, na ndiyo maana bibi yako yuko nasi."

Tangu hapo Redio haondoki mpaka glasi iwe tupu. Naye bibi humfungulia kinywa na kusema, "Haya Redio, tangaza: nimemeza!"