Sabiha wa Butiama

Ujumbe ule Mwanaupe hakuuandika yeye.

Aliusoma amesimama jikoni kwake Makoko, Musoma, adhuhuri, mkono mmoja una unga wa muhogo, mwingine umeshika simu. "Kitanda nimekiona. Ulikichonga huku ukiniwaza?" Umetoka kwa Sabiha wa Butiama, umekwenda kwa Abdulnasir Seremala. Na Abdulnasir, mume wake wa ndoa, alikuwa ameshajibu: "Umejuaje?"

Sasa huyo Sabiha ni nani? Hakuna Sabiha. Sabiha ni Mwanaupe mwenyewe.

Abdulnasir alikuwaga mtu wa randa na msumeno, na simu yake ya kitochi. Aliponunua simu ya kupangusa aweke picha za makabati mtandaoni, wateja wakaja kutoka Bunda mpaka Butiama, heri tupu. Lakini mume akaanza kula huku kidole kinapanda na kushuka kwenye kioo, anacheka peke yake, akiulizwa anasema, "Wateja, Mama Yasmin."

Wateja gani wanachekesha? Wivu hauna macho, ila una vidole. Mwanaupe akaegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, akajipiga picha kwa nyuma, ushungi mabegani, uso umeelekea dirishani. Akajiunga bando, akafungua akaunti ya mwanamke asiyekuwepo, akamtupia mumewe chambo: "Kaka, kabati hilo linafika Butiama?" Alitaka amnase kwa maandishi, kisha amkalishe chini aone atasema nini.

Mume akajibu kama fundi. Bei, mbao, usafiri, basi. Mwanamke mwenye akili angeishia hapo. Mwanaupe akasema moyoni, huyu bado hajanogewa, akaiacha akaunti wazi.

Na ndani ya akaunti ile, mtu akahamia.

Mchana uleule wa ujumbe alijaribu kuifunga. Simu ikamwambia neno la siri si sahihi. Akaandika tena, polepole, herufi moja moja. Si sahihi. Ndipo akaitazama picha ya Sabiha, na unga ukamdondoka vidoleni. Yule aliyepigwa picha kwa kisogo alikuwa amegeuka kidogo. Sikio lilionekana, na ukingo wa shavu.

Tangu hapo nyumba ikawa inanuka udi uliomwagiwa maji. Mwanaupe akifagia uani anasikia bangili zinagongana jikoni, na yeye havai bangili. Akiingia, hakuna mtu, ila kopo la sukari limefunuliwa. Akiizima simu yake na kuifungia kabatini chini ya mashuka, inalia humohumo kabatini, na kila inapolia anasikia kule karakanani randa ya Abdulnasir inanyamaza, kisha kicheko chake, kile kicheko cha chini alichomchekea Mwanaupe siku za uchumba na hajamchekea tena.

"Hiyo meza ya kioo unamchongea nani?" akamuuliza.

"Mteja."

"Mteja hana jina?"

"Mama Yasmin, tangu lini unaulizaga majina ya wateja?"

Akaaga kwamba anakwenda Bunda kumwona Yasmin, binti yao, shuleni. Kumbe alikwenda hukohuko Bunda kwa Maalim Twalib, mzee anayetengeneza majiko ya mkaa na kusomea watu. Maalim akaipokea simu kwa ncha za vidole, kama jiko lenye moto.

"Hii nyumba umeijenga wewe?"

"Nyumba gani, Maalim? Hiyo ni akaunti."

"Ina mlango. Ina jina. Ina picha ukutani. Mwenyewe hayumo. Nyumba ikikaa tupu, majini hufanyaje?"

"Hupanga," Mwanaupe akanong'ona.

"Na huyu hata kodi halipi. Tena umempangishia na mume ndani yake."

"Nisomee atoke, Maalim."

"Kusoma nitasoma. Lakini mpangaji hatoki mpaka mwenye nyumba aseme hii ni yangu. Nenda kamwambie mumeo kwa mdomo wako, Sabiha ni mimi. Leo hii, kabla hajageuka kabisa. Akishapata uso hatakuwa na haja ya simu."

"Si ataniona mjinga?"

"Bora mjinga mwenye mume."

Njia nzima ya kurudi Musoma hakuthubutu kuitazama picha. Alipoitazama mlangoni, jicho moja lilikuwa limeshatokeza, nalo lilikuwa linamngoja.

Abdulnasir alikuwa sebuleni, simu mkononi, uso umemchanua. Ule uchangamfu ndio ulimchoma Mwanaupe. Maneno ya Maalim yalikuwa kwenye ulimi, yamefika kabisa, lakini wivu ukayapiga kumbo ukatangulia kutoka.

"Kwanza nijibu. Unampenda?"

Simu ikalia mkononi mwa mume, akaisoma, na harufu ya udi mbichi ikaja toka jikoni ikajaa sebule yote, na Mwanaupe akajua swali lile limemlia muda aliokuwa nao, akapayuka bila kuvuta pumzi, "Sabiha ni mimi, Baba Yasmin, wallahi ni mimi, ile picha nilijipiga humu jikoni, nilikuwa nakutega tu, hakuna mwanamke, hajawahi kuwepo!"

Abdulnasir akamwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

"Aliniambia utakuja na kusema hivyo."

Mwanaupe akaifungua picha. Dirisha lipo, masufuria yapo. Mwanamke hayupo.

Jikoni bangili ziligongana. Kopo la sukari likafunuliwa.

"Mama Yasmin!" Abdulnasir akaita, macho yake yakimpita Mwanaupe yakienda kwenye mlango wa jikoni. "Chai vipi?"

"Abee, Baba Yasmin. Naileta."

Ilikuwa sauti ya Mwanaupe, na mkwaruzo wake uleule. Naye Mwanaupe, aliyesimama katikati ya sebule yake, akafungua mdomo apige kelele kwamba anayeitwa ni yeye, akaukuta mtupu.