Ruhusa ya Benite

Benite alikuwa bado anakung'uta mwavuli pale kompyuta ilipomwambia kwamba ametoa ruhusa. Lori la unga limeachiwa kutoka bohari ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, lishike barabara ya Rumonge, na aliyeliachia ni yeye, Benite. Akacheka. Yeye huyu aliyeingia sasa hivi? Kisha akasoma jina la dereva, kicheko kikamkauka mdomoni. Dereva alikuwa Destin, mume wake.

Miaka ile ya vita lori halikutoka hivi hivi. Ofisi ya Kinindo, alikofanya kazi Benite, ikisikia kwamba njia ni salama, ilituma ruhusa kwa laini ya simu hadi seva ya bohari, na kila ujumbe ulibeba kichwani mwake ufunguo wa siri wa mtumaji. Ufunguo ukikosekana, lori halitoki; na lililokwisha kutoka, bohari ililisimamisha njiani kwa redio kwa ujumbe wa namna hiyo hiyo. Programu hiyo Benite aliijenga pamoja na Bonfils, mtu aliyempokea alipokimbia kutoka Uvira bila hata nguo ya kubadilisha, akamfundisha kazi, akawasimamia watoto wake ubatizo. Benite alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na alimaanisha.

Akaandika haraka: simamisha lori. Seva ikajibu kwamba mtumaji hajulikani. Akaandika tena ufunguo wake polepole, herufi kwa herufi. Hajulikani. Wakati huohuo ujumbe mwingine ukaingia, kichwa chake kitupu kabisa, na seva ikaupokea kwa heshima zote na kuupa jina la Benite.

"Yaya, njo uone! Seva inanikataa mimi, inakubali mutu hana hata ufunguo."

Bonfils hakuinuka kwenye kiti chake. "Ni mvua. Laini imelowa. Tutaangalia kesho."

"Kesho? Destin iko njiani!"

"Benite, mi nakuambia, acha."

Loo! Bonfils huyu, ambaye hakuwahi kulaza kosa la programu hata siku moja, leo anasema kesho. Chumba kikaanza kunuka mpira ulioungua, na nyuma yake ubani, ingawa hapakuwa na aliyewasha kitu. Modemu ikalia kama kawaida yake, kisha mlio ukashuka, ukawa pumzi, na ndani ya pumzi ile Benite akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema taratibu: "Nenda. Mungu akurudishe."

Maneno hayo wake wote wa madereva pale mtaani Buyenzi waliyajua. Jirani yake, Mama Fatouma, alimwonya siku Destin alipoanza kushika usukani: jini la barabarani haliwezi kumgusa dereva mpaka mtu wa nyumbani kwake atoe neno la kumwachia, kwa hiyo muage mumeo uso kwa uso, mkono wako begani mwake, wala usimtumie neno hilo kwa mbali, maana ruhusa ya mbali hupokewa na mwingine.

Akafungua programu, akashuka mpaka sehemu inayokagua funguo. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Ujumbe wenye kichwa kitupu upewe ufunguo wa Benite. Na ujumbe wa Benite mwenyewe ubadilishiwe ufunguo kabla ya kukaguliwa. Hilo halikuwa kosa. Mtu alikaa akaliandika kwa utulivu, na uandishi ule Benite aliujua vizuri, maana ndio aliofundishwa nao.

"Ni we," alinong'ona.

Bonfils alikuwa analia. "Divin, mudogo wangu, walimuchoma ndani ya lori kwenye njia ile ile. Hatukupata hata mufupa. Halafu ile kitu ikaanza kuniita humu, kwa simu. Ikasema itamurudisha kama nikiipa mwingine, lakini mutu wa kwake lazima amuachie. Mi sina bibi, Benite. We uko na bwana."

"Nilikupa watoto wangu uwashike mbele ya Mungu. Na we unaniuza?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na Benite alikuwa amekivaa miaka yote hiyo akidhani kinampa joto.

Akaifuta mistari ile, akaandika ukaguzi upya, akaiwasha tena seva, na papo hapo jumbe zenye vichwa vitupu zikaanza kumiminika, moja ikikataliwa nyingine inabisha hodi, simu za meza zote zikilia kwa pamoja, na katika kila simu sauti yake mwenyewe ikimsihi aifungulie, kwanza kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa kilio cha mtoto, huku harufu ya moshi ikimkaba koo na Bonfils akiwa ameziba masikio chini ya meza, mpaka ghafla kila kitu kikanyamaza. Akatuma tena: simamisha. Seva ikamtambua, ikakubali.

"Asante Yesu," alisema, akajilaza juu ya meza na kulia kwa furaha.

Jioni, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, honi ikalia nje na lori likaingia uani. Benite alitoka mbio bila viatu. Mlango wa dereva ukafunguka. Akaliona shati la Destin, lile alilolipiga pasi asubuhi, na mikononi mwa shati lile mikono asiyoijua. Ruhusa ya asubuhi, iliyotoka kwa jina lake na kwa sauti yake, ilikuwa imeshapokewa kabla hajatuma neno la kusimamisha.

Mwanamume yule alishuka, akamtazama kama mtu anavyomtazama mpita njia, kisha akatazama mlangoni nyuma yake.

"Kaka," alisema, "nimerudi."

Bonfils akampita Benite mbio, akamkumbatia Divin, mdogo wake.