Ndoo Arobaini za Pantilie

Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya mto Jiu nilipofungua boneti ya gari la marehemu kaka yangu Pantilie, mara ya nne wiki ile. Alfajiri iliyofuata nilitakiwa kumpeleka mama hospitali, mjini Craiova. Moyo wake ulikuwa unamsumbua, na gari tulilokuwa nalo ni hilo moja.

Ugonjwa wa gari hilo ulinitia wazimu. Likitembea, halina neno. Likisimama tu huku injini inaunguruma... linachemsha.

Fundi yeyote atakwambia ni feni. Njiani upepo hupoza maji ya rejeta, likisimama kazi inabaki kwa feni. Haya, feni inazunguka! Thamostati nimebadilisha. Pampu nzima, mipira haivuji, gasketi haijaungua. Lakini maji yanapungua, na chini sakafu kavu kabisa.

"Ilarie we, bado tu?" Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, anajaribu kama mgongo utakivumilia.

"Bado, mama. Gari la mwanao lina kiburi kama mwenyewe."

"Mwache marehemu apumzike."

Nitasema kweli, maana uongo nimeshausema wa kutosha. Baba alipofariki, Pantilie alichukua nyumba yote, akaniachia banda hili la gereji. Miaka tisa hatukusemeshana. Alipokufa, mama akaniomba jambo moja. Kwetu maiti hubebewa maji siku arobaini: kila jioni ndoo moja kwa jirani, kwa jina lake, na kila ndoo unakata alama kwenye kijiti. Siku ya mwisho kijiti kinaachiwa mtoni pamoja na mshumaa, na maji yale yanakuwa yake huko aliko. Ni kazi ya wanawake, lakini mama miguu ilimgomea, na binti hana.

Nilimdanganya mama kwamba maji nampelekea mjane wa kijiji cha pili. Alama zote arobaini nilizikata jioni moja, hapa hapa bandani, nikinywa pombe na kumcheka Pantilie. Sikubeba hata ndoo moja.

Basi jioni ile nikajaza rejeta hadi mdomoni, nikaacha kifuniko wazi, nikawasha.

Dakika ya kwanza, kimya.

Ya pili...

Gu... gu... gu...

Maji yakashuka. Yalishuka kwa mafunda, yakatulia kidogo, yakashuka tena. Nikamimina ndoo nyingine. Gu... gu... Nikamimina ya tatu. Harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye injini, na ndani yake harufu ya tumbaku niliyoijua.

Mama akashuka polepole, akainamisha sikio.

"Ni Pantilie," akanong'ona. "Tangu mdogo anakunywa hivyo, anapumua katikati."

Kisha akanigeukia.

"Ulibeba ndoo ngapi?"

"Arobaini, mama."

Gu...

"Ilarie. Ngapi?"

"Sikubeba."

Hakunipiga. Heri angenipiga! Alinyoosha mkono dirishani, akageuza ufunguo mwenyewe. Injini ikanyamaza.

Gu... gu... gu...

"Kwa ajili ya nyumba," alisema. "Umemnyima ndugu yako maji kwa ajili ya nyumba."

Alfajiri hakukubali kupanda. Nilimbembeleza, nikapiga magoti, nikamwambia nitatafuta gari la mtu. Akasema hasafiri popote na mimi. Akamwita jirani yetu Leana, akamwambia mbele yangu, "Nikifa, maji yangu beba wewe. Huyu asiguse ndoo."

Alikufa Jumamosi. Leana alibeba zote arobaini, nami nilizihesabu kutoka dirishani nikilia.

Siku hizi kila jioni nateka maji, natoka nayo. Ya Pantilie. Nabisha kwa Leana, nabisha kwa wengine, lakini habari zangu zimeshaenea, hakuna anayefungua, na ndoo isiyopokewa na mtu haihesabiwi. Narudi bandani, namimina kwenye rejeta ya gari lisilowaka tena, nakaa kumsikiliza kaka yangu akinywa.

Juzi nilimimina kumi na saba. Hashibi.