Mshauri Aliyeuliza Kwanza

Dobi alikuwa na kibanda karibu na kituo cha afya. Asubuhi alifua mashuka na kuyaanika. Mchana alipiga pasi mashati ya watu wa ofisini. Alikuwa mtu wa mzaha. Mteja akileta suruali yenye madoa, alimwambia, "Hii imekula vizuri kuliko wewe."

Kisha binti yake wa mwisho akafariki. Alikuwa na miaka kumi na sita. Nyumbani walimwita Bibie, maana alipenda kuwaamuru wote, baba yake akiwemo. Tumbo lilimuuma siku tatu. Alipofikishwa hospitali, kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Madaktari walijitahidi, lakini walikuwa wamechelewa kumpata.

Miezi mitano ikapita. Dobi alikula matonge mawili na kusukuma sahani. Usingizi ulimpaa. Siku moja alisimama na pasi mkononi, akili haipo, mpaka shati la mteja likaungua.

Mkewe akamsihi aende kwa mshauri nasaha wa kituo cha afya, mtu aliyesomea kuwasaidia watu wenye majonzi kwa mazungumzo. Dobi akakubali.

Mshauri huyo alimsikiliza dakika chache tu. Kisha akasema, "Mzee, shida yako ni imani haba. Mwenye imani halii miezi mitano. Funga macho, nikuombee."

Akamwekea mkono kichwani bila kumuuliza. Dobi akafumba macho kwa adabu. Kulikuwa na jambo alilotaka kulisema siku hiyo. Likarudi chini kooni, likakwama. Hakwenda tena.

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi, nao wakimwita Nesi. Alipofuata sare zake kibandani, alimwona Dobi amekonda.

"Shemeji, kwa mshauri umeishia wapi?"

"Nimeambiwa sina imani. Nirudi kufanya nini?"

Nesi akavuta kigoda, akaketi.

"Hapo alikukosea. Kumtaja Mungu si kosa. Kosa ni kukushurutisha. Mtu aliyeumia hana nguvu ya kumkatalia mshauri wake. Asiitumie nafasi hiyo kukuhubiria."

"Kwa hiyo mambo ya dini hayatakiwi mle ndani?"

"Yanatakiwa, ukitaka wewe. Kama imani inakushika mkono, au kama ndiyo inayokuuma, mshauri mzuri hatakuzuia kuisema. Ila atafuata imani yako, hatakupa ya kwake. Na akisema tuombe, una haki ya kusema hapana. Una haki ya kubadili mshauri. Una haki ya kumlalamikia kwa mkuu wake."

"Sikujua kama naweza kusema hapana," Dobi akasema.

Nesi akamwelekeza kwa mshauri mwingine, mwanamke wa umri wa binti mkubwa wa Dobi. Chumba kilikuwa kidogo, chenye viti viwili na dirisha lenye pazia. Siku ya kwanza alimwacha aeleze habari za Bibie tu. Siku ya pili akasema, "Baba, nina swali. Ukipenda, usilijibu. Imani ina nafasi gani katika msiba wako?"

Dobi alitazama viganja vyake.

"Sijasali tangu tumzike."

"Ungependa tulizungumze hilo?"

Akaitikia kwa kichwa. Lile lililokwama likaanza kutoka.

"Siku ya pili ya ugonjwa aliniambia, Baba, nipeleke hospitali. Nikamwambia tumalize kwanza maombi ya siku tatu. Akaniamini. Akanyamaza."

Alilia. Mshauri hakumwambia ajikaze.

"Mwanangu, niambie. Mungu ananiadhibu?"

"Swali hilo sina jibu lake, Baba. Mimi si kiongozi wa dini. Nikikupa imani yangu nitakuwa nimekuonea. Kama yupo kiongozi wako unayemwamini, unaweza kumpelekea. Hapa tuubebe huu uchungu wa mzazi, mimi nawe. Mama yake Bibie anajua?"

"Hajui. Akijua hatanisamehe."

Ilimchukua wiki tatu kupiga moyo konde. Jumapili moja mchana mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani. Dobi akaketi kando yake, akamweleza yote, ameinamisha uso.

Mkewe aliendelea kushika gauni lililokuwa mkononi.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilimsikia alivyokuomba. Nami ni mama yake, nikanyamaza. Miezi yote hii nilidhani wewe ndiye hutanisamehe."

Wakakaa hapo hapo mpaka jua likaondoka dirishani, mkono mmoja wa mke ndani ya wa mumewe.

Wiki iliyofuata mshauri aliongeza kiti cha tatu. Mke wa Dobi ndiye aliyekwenda na Nesi kwa mkuu wa kituo, akaeleza aliyotendewa mumewe na mshauri wa kwanza. Mkuu aliandika kila neno, naye mshauri huyo akaitwa kujieleza.

Dobi sasa anamaliza sahani yake, na usingizi unamjia. Kusali bado hakujarudi kama zamani. Siku nyingine anasema maneno mawili, siku nyingine hayapati hata hayo. Mshauri hamhimizi wala hamkatazi. Mkewe naye akianza kusali, humgusa bega kwanza na kumuuliza, "Leo tuwe pamoja, au nisali peke yangu?" Kisha humngoja ajibu.