Skrini ya Baba

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia karakana ya mama yake, kando ya gati. Jina hilo alipewa kwa wingi wa maneno, lakini tangu baba yake aanze kuendesha boti ya mizigo, maneno yalikuwa yamempungua. Baba akija hulala usiku mmoja, akanyoa ndevu, akaondoka tena kwa wiki nyingi.

Mama alikuwa fundi wa vyombo vya boti. Alasiri hiyo alikuwa amefunga jipiesi mpya kwenye boti ya baba, kifaa kinachopokea ishara za setilaiti na kumwonyesha nahodha mahali alipo na, kwa kipimo kilichofungwa chini ya boti, kina cha maji. Ilibaki kupanga skrini.

"Malizia wewe," alimwambia binti yake, akienda kukaza nyaya za betri. "Kuza tarakimu tu, vingine viache nilivyoviweka. Macho ya baba yako si ya ujana."

Chiriku alibonyeza menyu hadi akakutana na kisanduku cha umbali wa kufika mahali utakapochagua. Akachagua gati lao na kuliandika "Nyumbani". Alitaka baba, popote atakapokuwa, akitupa jicho alione neno hilo. Lakini skrini ilikuwa imejaa. Akafikiri kidogo, kisha akafuta kina cha maji na kuiweka Nyumbani mahali pake, kwa herufi kubwa.

"Umeviacha nilivyoviweka?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama." Hakumtazama usoni.

Walikuwa wameshuka gatini baba alipofika na mfuko wake wa nguo. "Nikuletee nini safari hii?"

"Uje wewe tu."

Baba alicheka kidogo, kisha akamgeukia mkewe. "Afadhali umenifungia hiki. Maji yamepungua, na kule kwenye miamba sipiti tena kwa kubahatisha. Nitakuwa nasoma kina."

Akapanda botini, akawasha injini. Chiriku alikimbilia ukingoni mwa gati.

"Baba, zima kwanza."

"Mwanangu, tulishaagana."

"Si hivyo. Kina cha maji nimekifuta. Nilitaka uwe unaiona nyumbani. Na mama nimemdanganya."

Injini ilizimwa. Mama alipanda botini. Alipunguza ramani kwenye skrini, akarudisha kina juu, kikubwa. Pembeni kikabaki kisanduku kidogo cha Nyumbani.

"Ungeniuliza ningekuonyesha kuwa vyote vinaenea," alisema.

Baba alishuka, akainama mpaka macho yake na ya Chiriku yakalingana. "Ninyi nawakumbuka hata bila kifaa. Ila mwamba siuoni bila kuambiwa. Anayenipenda ataniambia ukweli, hata kama unamwaibisha. Umechelewa kuusema, lakini umeusema. Usiache."

Boti ikaondoka. Chiriku alisimama ukingoni hadi mlio wa injini ukapotelea mbali.

"Mama, sasa pale penye Nyumbani pameandikwa ngapi?"

"Sijui. Namba inapanda tu." Mama alimvuta karibu. "Akigeuza boti kurudi, itaanza kushuka. Na atageuza salama, kwa sababu hukunyamaza."