Muungurumo Bandani kwa Veikko

Sogeeni karibu na jiko, wajukuu, mnyamaze kidogo. Haya yalimpata rafiki yangu Aune.

Alasiri moja ya Desemba, giza limeshatanda, mumewe Veikko alitandaza ramani mezani. Alipanga kwenda kwa pikipiki, na hema lake, hadi mwisho wa kaskazini. Safari hiyo waliipanga na Olavi, rafiki yake tuliyemzika kabla ya theluji.

“Sasa utakwenda peke yako, mzee wewe? Ukianguka huko nani atakuokota?” Aune akamuuliza.

“Dubu, mama. Tena hawatanigombeza kama wewe!”

Mara pikipiki ikanguruma bandani. Aune akatazama miguuni pake. Betri ya pikipiki ilikuwa pale jikoni, walikoiweka isiuawe na baridi, kama kila mwaka.

Walipofika na tochi, muungurumo ulikoma. Theluji ya mlangoni haikuwa na unyayo hata mmoja. Veikko akagusa injini, ikamuunguza.

“Usiende, baba,” Aune akalia.

Kiangazi Veikko akaenda peke yake, asirudi. Lilionekana hema tu, kando ya ziwa, na pikipiki. Pikipiki akairithi mpwa wake Ilmari, hema akachukua dada wa Veikko. Ndani ya hema mlikuwa na mifuko miwili ya kulalia. Wa Veikko anao Aune. Ule wa pili hakuna aliyeutaka: walioufungua wanasema ulikuwa bado na joto.