Namba ya Laptopu ya Deng

Kila alipotoka shule, Ruoxi alipanda moja kwa moja hadi kibanda cha mama yake katika soko la vifaa vya umeme mjini Shenzhen. Alikula maandazi ya mvuke yenye nyama, kisha akafanya kazi zake kwenye pembe ya meza. Vibanda vya jirani vilifunga vifurushi, na utepe wa gundi ulilia kraa, kraa.

Mama yake, Fundi Geng, alitengeneza bodi za kompyuta. Alikuwa na sharti moja: kabla hujaandika programu yoyote kwenye chipu, kile kijidude cha bodi kinachotunza programu, soma kilichomo uhifadhi nakala. Ruoxi aliruhusiwa kujaribu, ila kwenye bodi za mazoezi tu.

Siku hiyo Deng, mwanafunzi wa chuo, alileta laptopu iliyowaka taa huku kioo kikibaki cheusi. Fundi Geng akaifungua na kuipima.

"Programu ya kuiamsha imeharibika," alisema. "Kanywe chai kwanza, mimi nafuata vipuri hapo chini."

Walipoondoka, Ruoxi akajiona fundi kamili. Kwenye kompyuta ya mama alichukua programu ya laptopu nyingine ya aina ileile, akabana chipu kwa kibanio chenye waya uliounganishwa na kompyuta hiyo, akaiandika humo. Kusoma kwanza aliona ni kupoteza muda. Kioo kikawaka!

"Ulisoma kwanza?" mama aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, Mama."

Deng naye akarudi, akaambiwa ni Ruoxi aliyeiwasha, akacheka kwa furaha. "Loo, fundi mdogo! Dada Geng, jiandae kustaafu. Kesho nina mtihani, na mfumo wa chuo unaitambua laptopu hii kwa namba yake. Bila hii nimekwisha!"

Ndipo Ruoxi alipokumbuka. Namba ile ilikaa ndani ya chipu, naye alikuwa ameifuta na kuweka ya mashine nyingine. Deng alikuwa tayari anafunga begi. Ruoxi aliogopa, akaona aibu, lakini alimhurumia Deng zaidi.

"Kaka Deng, usiondoke! Mama, nimekudanganya. Sikusoma. Namba iliyomo si yake."

Deng akaketi. "Makubwa! Kumbe nilikuwa naenda na laptopu yenye jina la mwenzangu?"

 Fundi Geng aligeuza laptopu, akavaa miwani. Karatasi iliyobandikwa chini ilikuwa imechakaa, ila namba ilisomeka. Ruoxi aliitaja polepole, mama akaiingiza kwenye programu, wakairudia kuihakiki, kisha wakaandika upya. Deng akajaribu mfumo wa chuo, ukamfungulia. Akashukuru, akaenda zake.

"Utaninyang'anya kibanio?" Ruoxi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa leo, ndiyo, maana hii haikuwa bodi ya mazoezi. Kosa la kazi tumelirekebisha kwa sababu umelisema. Ungenyamaza, kesho Deng angefungiwa nje ya mtihani, na hapo mimi na wewe tusingeweza kumsaidia. Sasa niambie, kabla ya kuandika?"

"Nasoma kwanza."

"Na nikikuuliza?"

Ruoxi alimtazama mama yake usoni. "Nasema kweli."